Chupa za Mapacha

Nilitoka Busiu, kwetu Wagisu, nikaolewa Busoga, na mama mkwe wangu hakuanza kunifundisha kupika wala kulima. Alianza na mapacha. Ukoo wao unazaa mapacha, akasema, kwa hiyo nijitayarishe. Unachompa mmoja umempa na mwingine, siku hiyohiyo, kwa mkono huohuo. Ukipendelea, pacha aliyekasirika anakuunguza. Asubuhi unaamka na baka jeupe mkononi, ngozi inabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na dawa ya hospitali haisaidii kitu mpaka umwombe radhi.

Mimi sikuzaa mapacha. Mwanangu Lawrence ndiye aliyewapata, wasichana wawili, Babirye mkubwa na Kawudha mdogo, kama mapacha wa kike wanavyoitwa Busoga. Mama yao alipokwenda Arabuni kutafuta kazi, niliwalea mimi hapa Mpumudde. Nilipika wali nikapakua sahani mbili nikazitazama kwa jicho moja, halafu kwa jicho la pili. Hata kiboko niligawa, mimi jaja, bibi yao.

"Jaja, mimi nimefanya nini?" Kawudha alikuwa akilia.

"Hujafanya kitu. Simama hapo upate yako."

Walipokua wakaanza kutengeneza vitu vya kuuza katika banda nyuma ya nyumba. Babirye alitengeneza sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Kawudha alitengeneza dawa ya sinki la choo, ile inayotoa ukoko wa manjano, na ndani yake mna tindikali. Chupa nilizitafuta mimi, nikazipata Bugembe: nyeupe, za mviringo, vifuniko vya njano. Lebo ilikuwa na ua moja, jina moja, Mapacha. Hata harufu niliamua mimi, limau kwa wote wawili. Chini ya ua kulikuwa na neno dogo, moja lilisema Vyombo na moja lilisema Choo. Nilimwambia mchapaji alifanye dogo kabisa, kwa sababu hilo ndilo peke yake lililowatenganisha watoto wangu, na sikutaka litambe.

Bidhaa ziliuzwa kwa majirani na kwa duka la Jaliah aliye mbele yetu. Kisha Afande Gorreti akapiga simu kutoka Mbale. Gorreti ni askari magereza, aliingia kazini akiwa msichana chini ya marehemu mume wangu, na sasa ndiye anayesimamia usafi katika gereza moja huko. Sauti yake haijui kunong'ona.

"Mama Lawrence! Nataka sabuni ya Babirye na dawa ya Kawudha, kila mwezi, kwa seli na kwa nyumba za askari. Lakini sheria siku hizi ni kali. Watu wa shirika la viwango waje wapime, waseme kila moja iko daraja gani la usalama. Na nataka zote mbili. Moja ikikataliwa, nyingine pia nitaiacha. Gereza haliwezi kuvaa mguu mmoja wa suruali."

Wasichana waliruka hata kuku wakatawanyika. Mimi pia nilifurahi, lakini nilikuwa nimeficha mkono wangu wa kulia ndani ya kanga. Baka lilikuwa limetokea, jeupe, kutoka vidoleni mpaka karibu na kifundo, na lilikuwa linawasha.

Jaliah ndiye aliyeliona. Nilikwenda kununua chumvi, nikanyoosha mkono bila kufikiri.

"Banange, Mama Lawrence! Hao watoto wamekuunguza."

"Shhh."

"Shhh nini? Nimekulia Busoga, najua mkono wa mapacha nikiuona. Umempa nani nini?"

Nikawaza. Watu wa mchumba wake Babirye walipokuja kujitambulisha, nilikuwa nimempa Babirye kitenge kipya avae. Kawudha hakuwa na wageni, kwa hiyo sikumpa.

"Kitenge," nikasema.

"Basi! Unauliza nini tena?"

Siku hiyohiyo nilitafuta kitenge kama kile, ua lilelile, nikampelekea Kawudha bandani na kumwomba radhi. Alivua glovu zake, akakipokea, akacheka.

"Jaja, mimi sijakasirika hata kidogo."

"Nyamaza. Mkono wangu unajua kuliko wewe."

Nilingoja baka lipungue. Mimi ni mtu wa kungoja, sina haraka na mambo ya mwili. Niliendelea na kazi zangu, nikafua, nikapika, nikaosha vyombo kila baada ya kula. Lakini baka, badala ya kupungua, likapanda na kuvuka kifundo.

Ndipo akaja bwana wa viwango, Wanyera, kijana mrefu aliyebeba kisanduku kama cha fundi saa. Jina lake nililisikia nikajua ni mtu wa kwetu, naye aliposikia natoka Busiu akaacha Kiswahili chake cha ofisini.

"Mulembe, kukhu," akanisalimu, yaani amani, bibi. Moyo wangu ukalainika palepale.

Tulimwekea meza bandani. Akauliza kila mmoja anatia nini katika mchanganyiko wake, kiasi gani, nini kinatangulia. Wasichana wakajibu vizuri. Kisha akafungua kisanduku, akatoa vikaratasi vyembamba vya kupimia tindikali, akachovya kimoja katika sabuni ya Babirye. Kikabaki karibu na rangi yake ya kwanza. Akachovya kingine katika dawa ya Kawudha. Kikawa chekundu kama nyama mbichi.

"Sasa mnaelewa?" akasema. "Sisi hatuangalii jina la bidhaa wala harufu yake. Tunauliza, ndani mna nini, na hicho kitu kikimgusa mtu kitamfanya nini. Ngozi, jicho, pumzi. Kikimwagika, maji yatakuwaje, samaki watakuwaje. Halafu tunauliza kwa nguvu gani. Majibu hayo ndiyo yanayokipa daraja."

"Yangu iko daraja gani?" Babirye akauliza.

"Yako ni pole. Utaandika tu kwamba ikiingia jichoni mtu aoshe kwa maji. Haina alama ya hatari."

"Na yangu?" akauliza Kawudha.

"Yako inakula ngozi, dada. Hii hapa ndiyo alama yake."

Akatuonyesha picha. Ni mraba uliosimama kwa kona, kingo nyekundu, ndani yake kuna mkono, dawa inaudondokea na mkono unaliwa. Pembeni kuna neno Hatari, herufi nene.

Kawudha alikuwa bado anaitazama picha wakati Wanyera alipogeuka kunishukuru kwa chai, akauona mkono wangu ulioshika kikombe.

"Kukhu, huu mkono umefanya nini?"

"Ni mambo ya nyumbani," nikasema. "Tumeshayazungumza."

"Unaosha vyombo na nini?"

"Na nini? Na sabuni ya Babirye."

Alisimama akaenda jikoni, sisi nyuma yake kama vifaranga. Kando ya beseni ilikuwapo chupa yangu nyeupe, kifuniko cha njano, ua. Akaichukua, akaisogeza karibu na uso wake asome lile neno dogo. Kisha akachovya kikaratasi, nacho kikawa chekundu kama nyama mbichi.

Nilikuwa nimechukua chupa ya Choo rafuni nikaiweka kando ya beseni, na kila siku nikatia mkono humo. Povu lilikuwapo kidogo, harufu ilikuwa ileile. Ilipowasha nilisema ni limau.

"Jaja!" Babirye akashika kichwa. "Na sisi tumekula kwenye sahani hizo!"

"Nasuuza mara mbili," nikasema.

Wanyera akanituma nikaushikilie mkono chini ya bomba muda mrefu, kisha niende zahanati wanipe mafuta ya kupaka. Nikiwa pale bombani nilimwona Kawudha amesimama mlangoni. Hakuwa analia. Uso wake ulikuwa umefungwa kama duka siku ya Ijumaa saa ya swala.

"Kwa hiyo ni kweli," akasema. "Ni mimi nimekuunguza."

"Si wewe. Ni dawa."

"Dawa ya nani?"

Wanyera akakusanya vitu vyake, akasema Kawudha akishakubali alama, akabadilisha lebo na chupa, yeye ataandika kwamba bidhaa zote mbili zimepimwa, na Afande Gorreti atazipokea. Lakini Kawudha akakataa.

"Kwenye chupa iliyoandikwa Mapacha, niweke picha ya mkono unaoungua? Bwana, wewe ni Mgisu, hujui. Hapa kila mtu ataiona aseme, kumbe ni kweli, huyu pacha wa pili anachoma watu. Dada yangu ua, mimi mkono unaoliwa!"

Nilimweleza Wanyera kwa lugha yetu habari ya mapacha wanaounguza. Alisikiliza kwa adabu, hakucheka, na kwa hilo nilimheshimu.

"Basi tuweke alama kwenye chupa zote mbili," Babirye akasema. "Mimi sijali. Sisi tunagawana kila kitu."

"Siwezi," akasema Wanyera. "Ukiandika hatari mahali pasipo na hatari, watu wataizoea. Siku watakayokutana nayo ya kweli, wataipita tu kama wanavyopita bango la soda."

Akaondoka. Usiku huo wasichana walilala kila mmoja ameugeukia ukuta wake, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu wazaliwe. Nilijua kilichokuwa mezani. Kawudha akishupaa, Gorreti hachukui chochote, na Babirye aliyeshinda mtihani ataanguka pamoja naye. Kuanzia hapo kila mmoja angekuwa na sababu ya kumnunia mwenzake, na kununiana kwa mapacha sijui kunatibiwa wapi.

Baada ya muda Kawudha akaanza kuimba tena bandani. Nikaenda kuchungulia. Alikuwa anapunguza tindikali, anaongeza maji, anachovya kikaratasi katika vile alivyoachiwa na Wanyera, anaongeza maji tena. Wekundu ukawa rangi ya machungwa, nayo ikafifia ikawa karibu na rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo.

Wanyera akarudi akapima.

"Sasa imeshuka," akasema. "Kwa nguvu hii haina alama ile. Lakini dada, bado inasafisha?"

"Inasafisha," akajibu Kawudha, haraka mno.

Mimi nilimlea. Najua sauti yake ikitoka kooni na ikitoka mdomoni tu. Lakini sikusema neno, maana Babirye alikuwa amemkumbatia na nyumba ilikuwa imepata hewa.

Tukapeleka sampuli Mbale sisi watatu. Chupa zilikuwa zilezile, nyeupe, vifuniko vya njano, zimepangwa katika boksi bega kwa bega, nami nikiwa na mkono uliofungwa bandeji. Tulipopita Busiu nilinunua ndizi za kumpelekea mwenyeji, wauzaji wakanisalimu kwa Kigisu nikajisikia msichana. Gorreti alitupokea kwenye nyumba za askari, akanikumbatia mpaka viatu vyangu vikainuka. Akaimwaga sabuni ya Babirye katika sufuria iliyoungua maharage, akasugua, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaichukua dawa ya Kawudha, akaenda nayo kwenye choo cha nyuma, akaimwaga, akasema tunywe chai wakati inafanya kazi.

Chai ikaisha. Ndizi zikaisha. Gorreti akaenda na brashi, tukamsikia anasugua, tukamsikia anaguna, tukamsikia anaita.

"Njooni muone wenyewe!"

Ukoko ulikuwa palepale, wa manjano, umekaa kama mwenye nyumba.

"Kawudha, binti yangu," akasema Gorreti, "nzi ametua humu, amenawa miguu, ameruka akanukia limau. Hii si dawa. Hii ni sharubati. Dawa ile niliyoiona kwenu nilipokuja kumwona marehemu babu yenu siku za mwisho, iliyofanya choo chake king'ae kama sahani ya harusi, iko wapi?"

"Ile ina alama," Kawudha akasema polepole.

"Alama gani?"

"Ya mkono unaoungua, afande."

"Sasa? Mimi nataka ukoko utoke. Sitaki choo kinachonukia vizuri na kuchukiza macho." Akamwangalia Babirye, akaniangalia mimi. "Sitachukua mguu mmoja wa suruali. Nilisema."

Kawudha akatoka nje, akakaa kwenye ngazi ya mlango. Babirye akataka kumfuata, nikamzuia kwa mkono wa bandeji, nikaenda mimi. Magoti yangu hayapendi ngazi, lakini nilishuka nikakaa karibu naye. Askari mmoja alikuwa anafua magwanda yake mbele yetu.

"Unakumbuka malaria ya Babirye?" nikamwuliza. "Mlipokuwa bado hamjaingia shule."

"Sikumbuki."

"Alichemka hata godoro likalowa. Nikapewa kwinini. Mama mkwe wangu alikuwa bado yupo, akaniambia, ukimpa mmoja mpe na mwenzake. Sasa wewe ulikuwa mzima, unakimbia na kuku. Kwinini ingekuangusha. Nikafikiri, nikafikiri. Unajua nilifanya nini?"

"Ulitupa sote wawili."

"Nilichukua kijiko kimoja. Nikamtilia Babirye kwinini. Nikakiosha. Kijiko hichohicho nikakutilia wewe maji na sukari. Nyote mlikunywa, wakati mmoja, kwa mkono mmoja. Babirye akapona na wewe hukukasirika. Mama mkwe akatazama, akanyamaza."

Kawudha akakata jani la nyasi akalizungusha vidoleni.

"Kwa hiyo ulitudanganya."

"Niliwapa kijiko sawa. Dawa kila mmoja alipata yake." Nikafungua bandeji kidogo nimwonyeshe. Ngozi mpya ilikuwa imeanza kuja, ya waridi. "Na kwenye chupa nilisahau hivyo. Nilitaka hata dawa zifanane. Lau chupa yako ingekuwa na alama ile, ningeiona hata bila miwani, nikaiacha rafuni. Huo mkono uliochorwa pale, mwanangu, ni huu wangu. Unamwambia mwingine asitie wake."

Yule askari alimaliza kukamua shati, akalianika, akaanza na suruali. Kawudha akasimama, akajipangusa vumbi, akaingia ndani. Nilimsikia kupitia mlango.

"Afande, nipe muda kidogo. Nitakuletea ile kali. Na alama yake juu."

"Ndiyo hiyo!" Gorreti akapiga meza. "Na usiinamishe kichwa. Wewe unafikiri sisi tunapata alama begani kwa sababu gani? Kwa upole? Babirye bado ni kuruta. Wewe umepandishwa cheo."

Babirye akacheka kwa nguvu, labda kwa nguvu kuliko alivyotaka.

Kutafuta chupa mpya kulinisumbua, sikatai. Jaliah alinisindikiza Bugembe, tukaingia duka baada ya duka, na kila nilipoona chupa nyeupe ya mviringo mkono wangu ulikwenda huko wenyewe. Mwisho nikachagua ya buluu, nyembamba, yenye mbavu ubavuni ambazo unazihisi hata ukifumba macho, na kifuniko chekundu ambacho lazima ukibonyeze kwanza ndipo ukizungushe. Nilikihangaikia dukani mpaka muuzaji akanihurumia.

"Nachukua hiki," nikamwambia. "Kama mimi kinanishinda, watoto hawakiwezi."

Limau tukamwachia Babirye. Dawa ya Kawudha siku hizi inanuka kama dawa. Jina limebaki Mapacha kwa wote, herufi za ukubwa mmoja, nilizipima kwa uzi. Alama ile alibandika mwenyewe Kawudha, chupa ya kwanza mpaka ya mwisho, hakutaka kusaidiwa, na Wanyera alipopita akaridhika. Gorreti alituma gari likachukua zote mbili.

Mkono wangu umepona. Jaliah anasema ni kwa sababu ya kitenge. Mimi simbishii, mtu akikuuzia chumvi kila siku huna haja ya kumshinda. Ninachojua ni kwamba chupa ya buluu inakaa mahali pake, chini, mbali na beseni.

Sasa tatizo ni Babirye. Jana alitoka dukani kwa Jaliah amevimba mashavu.

"Jaja, watu wanaulizia dawa ya Kawudha tu. Wanasema, tupe ile yenye cheo. Mimi hakuna anayeniulizia. Kwa nini mimi sina alama?"

"Wewe ni sabuni, mama. Tulia."

"Lakini ulisema unachompa mmoja..."

Kawudha alikuwa mlangoni na glovu zake, anacheka bila sauti. Nikawaita wote wawili. Nikachukua kijiko, kimoja, nikawatilia sukari kwenye chai yao, kwanza mmoja, halafu mwingine, nao wakashika vikombe wakaangaliana.